Kipimo cha Mimba na Hukumu za Eda: Kutoka Punje za Ngano Hadi Kijiti cha Mkojo

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Mola Mlezi wa viumbe vyote, Mjuzi wa yaliyomo matumboni kabla wenye matumbo hawajajua. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Maswahaba zake wote. Ama baad.

Miongoni mwa masuala yanayowafikia maimamu na makadhi wetu ni suala la kipimo cha mimba. Mwanamke ameachwa, amepima mkojo wake, na kijiti kimeonesha hana mimba. Anauliza: Nina haja gani ya kungoja tohara tatu? Mwingine amefiwa na mume, na ndugu wa marehemu wanataka mirathi igawiwe haraka kwa kuwa kipimo kimesema tumbo ni tupu. Wa tatu ameachwa talaka tatu, na kipimo kimeonesha ana mimba changa. Je, nafaka yake inaanza leo, au mpaka tumbo lichomoze?

Anayetaka kuyajibu maswali haya hana budi kuyajua mambo mawili. La kwanza ni namna mafaqihi wetu walivyoupima ushahidi wa mimba tangu zama za Maswahaba. La pili ni kipimo chenyewe: kimetoka wapi, kinapima kitu gani, na kinasadikika kwa kiasi gani katika kila hatua ya mimba. Ajuaye moja bila ya jingine huenda akamdhulumu mwanamke, au mtoto ambaye bado hajazaliwa.

MIMBA KATIKA MIZANI YA MAFAQIHI

Qur'ani Tukufu imeweka eda za aina mbalimbali. Mwanamke aliyeachwa naye yumo katika umri wa hedhi hungoja quru' tatu (Al-Baqara, aya ya 228), na aya hiyohiyo imewakataza wanawake kuficha alichokiumba Allah katika matumbo yao. Mjane hungoja miezi minne na siku kumi (Al-Baqara, aya ya 234). Mjamzito eda yake ni kuzaa (At-Talaq, aya ya 4). Kisa cha Subay'a Al-Aslamiyya (r.a.), aliyejifungua muda mfupi baada ya kufariki mumewe Sa'd bin Khawla, na Mtume (s.a.w.) akampa idhini ya kuolewa, kimo katika Sahihi mbili za Bukhari na Muslim.

Kwa hiyo tangu mwanzo ilibidi kujulikana nani ana mimba na nani hana. Kwa miezi ya mwanzo hapakuwa na njia isipokuwa dalili: kukatika hedhi, kichefuchefu, tumbo kuwa zito, kisha mtoto kucheza. Katika Muwatta ya Imam Malik imepokewa hukumu ya Sayyidna Umar bin Al-Khattab (r.a.) juu ya mwanamke aliyeachwa akapata hedhi moja au mbili, kisha damu ikakatika. Angoje miezi tisa. Ikidhihiri mimba, basi ni hiyo. Isipodhihiri, atakaa eda ya miezi mitatu baada ya tisa hiyo. Tunaweza kusema kuwa hiki ndicho kipimo cha mimba cha zama hizo: kipimo cha wakati. Hakina kosa, lakini kinamgharimu mwanamke mwaka mzima. Malik na Ahmad (r.h.) waliichukua hukumu hii, na ilikuwa kauli ya zamani ya Imam Shafi'i (r.h.). Katika kauli yake mpya, kama damu imekatika bila ya sababu inayojulikana, mwanamke husubiri mpaka hedhi irejee au afike umri wa kukoma.

Mafaqihi walijua pia kwamba dalili za mimba zinaweza kudanganya. Mahanafi hawakukubali mume aikanushe mimba kwa li'ani kabla mtoto hajazaliwa, kwa hoja kwamba tumbo lililojaa huenda likawa ni upepo au uvimbe tu. Jamhuri ya wanavyuoni waliwakhalifu, wakishika hadithi ya Hilal bin Umayya (r.a.), na Ibn Qudama (aliyefariki mwaka 620 H / 1223) ameieleza ikhtilafu hii katika Al-Mughni. Lakini pande zote mbili zilikubaliana juu ya jambo moja: kuna mimba iliyodhihiri na kuna mimba inayodhaniwa, na hukumu zake si moja.

Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 H / 1277), katika Minhaji ambayo masheikh wa pwani yetu wameisomesha na makadhi kuitegemea vizazi kwa vizazi, ameipanga shaka hii kwa utaratibu. Mwanamke akishuku mimba akiwa ndani ya eda, asiolewe mpaka shaka iondoke. Akishuku baada ya eda kwisha lakini hajaolewa, na asubiri. Akishuku baada ya kuolewa, ndoa inabaki, isipokuwa akizaa kabla ya kutimia miezi sita tangu kufungwa ndoa hiyo. Kitabu kilichoandikwa zaidi ya miaka 700 iliyopita kimeipa shaka moja hukumu tofauti kulingana na wakati ilipotokea. Tuliweke jambo hili akilini, kwa maana tutakutana nalo tena kwenye kijiti cha mkojo.

MKOJO KWA MATABIBU WA KALE

Wazo la kuutazama mkojo wa mwanamke ili kujua kama ana mimba ni la kale mno. Makaratasi ya mafunjo ya Misri ya zama za Mafirauni, yaliyoandikwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, yanamwelekeza mwanamke amwagie mkojo wake punje za ngano na shayiri kila siku. Zikiota, ana mimba. Na aina ya punje itakayotangulia kuota ilidaiwa kuonesha kama mtoto ni wa kiume au wa kike. Mwaka 1963 watafiti wa Misri walilijaribu jambo hili. Mkojo wa wajawazito uliotesha punje katika takriban asilimia 70 ya majaribio, na mkojo wa wasio na mimba haukuotesha. Ama habari ya mwana wa kiume au wa kike haikuthibiti kabisa.

Matabibu wa Kiislamu nao waliandika juu ya mkojo. Ibn Sina (aliyefariki mwaka 428 H / 1037), katika Al-Qanun, ameueleza mkojo wa mjamzito kwa rangi yake, wingu linaloelea juu, na kitu mfano wa pamba iliyochambuliwa katikati yake. Hizi zilikuwa alama za macho, na macho hukosea. Mafaqihi hawakujenga eda wala nasaba juu ya chupa ya tabibu. Walimtegemea mwanamke mwenyewe, kwa kuwa ameaminiwa juu ya tumbo lake, na wakawategemea wakunga. Katika mambo wasiyoyaona wanaume, Mahanafi na Mahanbali waliridhika na mkunga mmoja mwadilifu, Wamaliki wakataka wawili, na Mashafi'i wakataka wanawake wanne.

PANYA, SUNGURA NA CHURA

Mkojo ulirudi kwa nguvu mpya katika karne ya 20. Mwaka 1927 mjini Berlin, madaktari Selmar Aschheim na Bernhard Zondek waligundua kuwa mkojo wa mjamzito ukidungwa kwa panya wadogo wa kike, ovari zao hukomaa kabla ya wakati. Panya walichinjwa na kupasuliwa baada ya siku kadhaa ndipo jibu likapatikana. Mwaka 1931 huko Marekani Maurice Friedman akatumia sungura badala ya panya.

Baadaye ikaja zamu ya Bara letu la Afrika. Mwanasayansi Mwingereza Lancelot Hogben, alipokuwa akifundisha Cape Town, alichunguza chura wa Afrika Kusini mwenye makucha na akaona namna homoni zinavyomfanya atage mayai. Kutokana na kazi hiyo chura huyu akawa kipimo cha mimba katika miaka ya 1930. Hakuhitaji kuuawa, na jibu lilitoka kabla siku moja haijapita. Vyura kwa maelfu walisafirishwa ng'ambo kwa kazi hiyo.

Mwaka 1960 wataalamu wawili wa Sweden, Leif Wide na Carl Gemzell, waliwaondoa wanyama. Walitumia chembe za kinga ya mwili zinazoishika homoni ya mimba ndani ya mkojo. Lakini vipimo hivyo vya mwanzo viliichanganya homoni ya mimba na homoni nyingine inayofanana nayo, ambayo huongezeka kwa mwanamke aliyekoma hedhi. Hivyo mwanamke wa umri wa kukoma aliweza kuambiwa ana mimba naye hana. Mwaka 1972 watafiti wa Marekani walipata njia ya kuitenga sehemu ya pekee ya homoni ya mimba, na hapo ndipo kipimo kilipoanza kuaminika kweli.

Kipimo cha nyumbani kilienea Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970. Kilikuwa na kijichupa cha kuchanganyia, na jibu lilingojwa saa 2. Takwimu zake zina mafunzo. Kikisema "ndiyo", kilikuwa sahihi kwa asilimia 97. Kikisema "hapana", kilikuwa sahihi kwa asilimia 80 tu. Maana yake, katika kila wanawake 5 walioambiwa hawana mimba, mmoja alikuwa nayo. Kijiti tunachokijua leo, cha hatua moja na jibu la dakika chache, kilikuja mwaka 1988. Usahihi umeongezeka mno, lakini tofauti kati ya uzito wa "ndiyo" na uzito wa "hapana" haijaondoka.

KIJITI KINAPIMA NINI, NA LINI

Kijiti hakimwoni mtoto. Kinapima homoni inayotengenezwa na chembe zitakazokuwa kondo la nyuma, na homoni hiyo haiingii mwilini mwa mama mpaka mimba ijishikize kwenye ukuta wa mji wa mimba. Kujishikiza huko hutokea kati ya siku ya 6 na ya 12 baada ya yai kutoka, na kwa wanawake wengi ni siku ya 8 hadi ya 10. Kabla ya hapo hakuna kijiti duniani kinachoweza kujua lolote. Jibu la "hapana" katika siku hizo ni sawa na kutopima.

Hatua ya pili ni siku ya kwanza ya kuchelewa hedhi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2001 ulionesha kuwa katika siku hiyo mimba 10 katika kila 100 zinakuwa bado hazijajishikiza. Basi hata kipimo kisicho na kasoro kitazikosa hizo 10. Baada ya wiki moja zaidi, kinaweza kuzipata hadi 97.

Hatua ya tatu ni wiki zinazofuata. Homoni huongezeka maradufu kila baada ya siku 2 au 3, na kufika kilele kati ya wiki ya 8 na ya 11. Huu ndio wakati kijiti kina nguvu zaidi, hasa kwa mkojo wa asubuhi ambao haujapunguzwa nguvu kwa maji mengi. Madaktari husema mwenye shaka apime baada ya kupita siku 21 tangu tendo la mwisho la ndoa.

Hatua ya nne inawashangaza wengi. Karibu na kilele hicho homoni na vipande vyake huwa vingi mno ndani ya mkojo, na baadhi ya vijiti huzidiwa, vikaonesha "hapana" kwa mwanamke mwenye mimba ya miezi miwili au mitatu. Si jambo la kila siku, lakini limethibiti. Hapa kijiti kinaachiwa ultrasaundi, chombo ambacho Ian Donald wa Glasgow alikitangaza kwa kazi hii mwaka 1958. Leo ultrasaundi ya ndani huonesha mfuko wa mimba karibu na wiki ya 5, na mapigo ya moyo karibu na wiki ya 6.

Nalo "ndiyo" lina mipaka yake. Utafiti wa mwaka 1988 uliona kuwa mimba 22 katika kila 100 zilizoonekana kwa homoni ziliharibika kabla mama hajazitambua. Homoni hubaki mwilini kwa wiki kadhaa baada ya kuzaa au mimba kuharibika. Mimba zabibu, mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba, na sindano za kutafutia uzazi zote huweza kuleta mstari wa pili. Kwa hiyo "ndiyo" ni ushahidi kuwa homoni ipo. Si ushahidi kuwa mtoto yu hai.

Na kuna jambo la hesabu ambalo kadhi asilisahau. Daktari huhesabu wiki za mimba tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, yaani kiasi cha wiki 2 kabla ya mimba kutunga. Faqihi huhesabu tangu uwezekano wa kuingiliana mume na mke. Miezi sita ya mwezi mwandamo, ambayo ndiyo muda mchache wa mimba kama Sayyidna Ali (r.a.) alivyoutoa katika aya ya 15 ya Al-Ahqaf pamoja na aya ya kunyonyesha miaka miwili, ni kiasi cha siku 177. Kwa hesabu ya daktari hiyo ni karibu wiki ya 27, wala si ya 25. Katika kesi ya nasaba, wiki 2 zinaweza kumpa mtoto baba au kumnyima.

ZIPI ZINAGUSWA NA ZIPI HAZIGUSWI

Eda haifupishwi kwa kipimo. Lau sababu yake ingekuwa ni kujua tumbo tupu peke yake, hedhi moja ingetosha, kama ilivyotosha katika istibrai ya mateka wa Awtas. Lakini mjane aliyefiwa kabla mume hajamwingilia hukaa miezi minne na siku kumi, na mwanamke aliyekoma hedhi akiachwa hukaa miezi mitatu, wala hakuna anayeshuku matumbo yao. Ndani ya eda mna ibada, heshima ya ndoa iliyokatika, na nafasi ya mume kurejea. Kijiti hakipimi hayo.

Lakini kipimo kinaweza kumlinda aliye ndani ya eda asikosee hesabu. Karibu robo ya wajawazito hutokwa na damu katika miezi mitatu ya mwanzo. Mwanamke aliyeachwa anaweza kuidhania damu hiyo kuwa ni hedhi, akahesabu tohara, akaolewa naye ana mimba ya mume wa kwanza. Mwenye shaka ya aina hii ndiye aliyetajwa katika Minhaji. Kwake yeye kupima kwa wakati wake, na kurudia, ni njia ya kuiondoa shaka aliyoamrishwa kuingoja iondoke.

Nafaka ni mlango mwingine. Mwanamke aliyeachwa talaka isiyo rejea, akiwa mjamzito, ana haki ya kulishwa mpaka azae (At-Talaq, aya ya 6). Minhaji imesema si wajibu kutoa kabla mimba haijadhihiri, na ikidhihiri hutolewa siku kwa siku. Zamani kudhihiri kulikuwa ni kuchomoza tumbo, na miezi ilipita mwanamke akijilisha mwenyewe. Leo kijiti kikithibitishwa na ultrasaundi, mimba imedhihiri tangu wiki za mwanzo. Neno la kitabu ni lilelile, ila wakati wake umesogea mbele, na mwenye kufaidika ni yule aliyekuwa dhaifu.

Katika mirathi, hatari ni kubwa zaidi. Chukua mfano wa mtu aliyefariki akaacha mke na ndugu wa kiume wa baba na mama. Kama hakuna mimba, mke ana robo na ndugu ana robo tatu. Akizaliwa mtoto wa kiume akiwa hai, mke ana thumni, mtoto anachukua kilichobaki, na ndugu hana kitu. Akizaliwa wa kike, mke ana thumni, mtoto nusu, na ndugu thumni tatu. Sasa fikiri ndugu hao wamempima kizuka siku ya tatu baada ya maziko, kijiti kikasema "hapana", wakagawana. Huenda mimba ilikuwa haijajishikiza bado! Mali ya yatima imeliwa kwa kijiti kilichoulizwa kabla ya wakati wake. Wanavyuoni wamesema kwa mwenye kutarajiwa mtoto, atolewe aliye na fungu la yakini kwa kiwango chake kidogo, na kilichobaki kizuiwe. Basi jibu la "hapana" lisitegemewe mpaka zipite siku 21 au zaidi, lirudiwe, na daktari athibitishe. Ama jibu la "ndiyo" linatosha kuzuia mgao tangu siku lilipopatikana, kwa maana hasara ya kungoja ni ndogo kuliko hasara ya kumnyima mrithi.

Mwisho ni suala la muda mrefu wa mimba. Mahanafi walisema miaka 2, Mashafi'i na Mahanbali miaka 4, na kauli mashuhuri ya Wamaliki ni 5. Ibn Hazm (aliyefariki mwaka 456 H / 1064) hakuvuka miezi 9. Kauli hizi ndefu hazikutokana na aya wala hadithi iliyo wazi. Zilitokana na habari za wanawake, kama habari ya mke wa Muhammad bin Ajlan, jirani yake Imam Malik. Leo tunafahamu kuwa hedhi inaweza kukatika kwa ugonjwa au kunyonyesha, mwanamke akajidhania ana mimba, kisha akashika mimba ya kweli baadaye. Sheria ya Misri namba 25 ya mwaka 1929 iliweka mpaka wa mwaka mmoja katika madai ya nasaba baada ya talaka au kifo.

Pamoja na hayo, tusiwacheke waliotutangulia. Kauli zile ndefu ziliwasitiri wanawake na kuwahifadhia watoto nasaba zao. Mwaka 2003 mahakama ya rufaa ya Kiislamu ya jimbo la Katsina, Nigeria, ilimwachia huru mwanamke aliyekuwa amehukumiwa kupigwa mawe, na miongoni mwa hoja za mawakili wake ilikuwa kauli hiyo ya Kimaliki ya miaka 5. Shaka iliizuia adhabu, kama ilivyo kanuni. Anayeleta kipimo kipya mahakamani asikilete kama upanga wa kuiondoa sitara, akasahau kuwa jamhuri ya wanavyuoni hawasimamishi hadi kwa mimba peke yake.

HITIMISHO

Ndugu msomaji, kijiti cha mkojo ni shahidi. Shahidi huulizwa ameona nini, na alikuwa wapi wakati huo. Akisema "ndiyo" kwa wakati wake, tumsikilize: mgao usimame, nafaka itoke, ndoa ingoje. Akisema "hapana" mapema, tumwambie hakuwapo. Akisema "hapana" kwa wakati wake na daktari akathibitisha, shaka imeondoka, lakini eda iko palepale kwa amri ya aliyeiweka.

Maimamu wetu wakiulizwa, waulize kwanza: umepima siku ya ngapi, na mara ngapi? Swali hilo dogo linaweza kuihifadhi nasaba ya mtoto na haki ya mama yake.

Na Allah (s.w.) ndiye Mjuzi zaidi.